Maoni Yangu Juu ya Kaseti ya Kakule

Mnaponiita Mama Motopompe na kucheka, wengi wenu hamjui hata jina hilo lilitoka wapi, mnadhani niliwahi kuuza mashine, basi kaeni niwasimulie mwenyewe aibu yangu, maana imenifikia kwamba kule Ndjingala wanaoisimulia wameanza kuongeza chumvi, wanasema nililia mbele ya wanajeshi, na hiyo si kweli (nilitokwa na machozi, lakini kulia ni kitu kingine kabisa).

Yote yalianza kwa mdogo wangu Kakule. Kwetu Butembo tuko watoto wengi, mimi Masika ni binti wa kwanza, na Kakule ni kitinda mimba, nilimbeba mgongoni mpaka watu wa sokoni wakafikiri ni mtoto wangu niliyezaa nikaficha. Baba yetu alikuwa na malori, na alitaka Kakule ashike usukani kama kaka zake, lakini Kakule akaenda Goma eti kusoma, na huko akakutana na vijana wenziwe, mmoja wao mpiga ngoma aliyekuwa amekimbia vita kutoka Rubaya, wakaanzisha kundi la muziki. Si rumba, si nyimbo za Mungu. Rock, na si hata ile rock ya kawaida ambayo mzungu anaimba na wewe unatikisa kichwa, hapana, ni rock ya wale wanaoona hiyo ya kawaida ni ya wazee. Kundi waliliita Radi Kavu. Baba aliposikia jina tu alivua kofia akaiweka chini, na kwetu Baba akivua kofia ujue mambo yameharibika.

Mimi wakati huo nilikuwa na duka Walikale-centre, nauza sabuni, betri, chumvi, samaki wa chumvi, mabati yakipatikana. Njia ya Masisi ilikuwa imekatika, gari hazifiki, kila kitu kilikuja na ndege ndogo zilizokuwa zinatua juu ya barabara kule Kilambo kuchukua mawe ya madini ya Bisie, ule mgodi wa msituni. Kuongea na Baba ilibidi niende kwenye phonie, ile radio ya wafanyabiashara ya kuitana kutoka mji hadi mji, ambapo unaongea na baba yako na nusu ya Walikale imesimama nyuma yako inasikia. Ndipo siku moja Baba akasema: "Masika, mimi niko muzee, sijui ile makelele. Huyu mutoto anasema ametoa kaseti yake ya kwanza. Wewe usikilize. Ukisema ni kazi ya muntu mwenye akili, nanyamaza. Ukisema hapana, arudi ashike gari."

Nikajibu, "Sawa, Baba," na watu nyuma yangu wakaitikia, "Sawa, Papa," kama vile wao ndio waliotumwa.

Kaseti ikaja siku ya Jumanne. Kijana wa kupakia ndege aliniletea ikiwa imefungwa ndani ya soksi ya Kakule (nilijua ni yake, ilikuwa na tundu palepale anapotoboaga soksi zote), na ujumbe wa mdomo: "Anasema usikilize mpaka mwisho, usiogope mwanzo, mwanzo haina kuimba, ni vyombo tu." Mchana uleule akaingia mbebaji kutoka Bisie, amelowa mpaka kwenye kope, akaniambia amebeba kitu cha Papa Alfonse. Huyu Papa Alfonse alikuwa fundi wa mashine pale jirani, mtu mzuri, mrefu, anayeongea taratibu, na siku ile alikuwa ameenda shambani. Kule Bisie walikuwa na motopompe za kuvuta maji kwenye mashimo ili wachimbaji washuke, na moja ilikuwa inaumwa, na kwa kuwa Papa Alfonse miguu yake haikuweza tena ile safari ya msituni, wakachukua radio-kaseti, wakaiweka karibu na mashine, wakarekodi mlio wake, ili fundi asikilize kwa mbali aseme ugonjwa ni nini. Mimi hayo yote sikuyajua. Nilichoambiwa ni "kitu cha Papa Alfonse", nikakiweka juu ya meza, karibu na kaseti ya Kakule niliyokwisha kuitoa kwenye soksi.

Halafu ikanyesha mvua, ile ya kwetu, na bati langu lilikuwa na tundu la risasi ambalo kila mwezi nilisema nitaliziba. Maji yakaanza kuchuruzika juu ya meza, nikakusanya kila kitu nikakitupa ndani ya beseni, betri, kiberiti, soksi, kaseti, nikafunika na gunia. Mvua ilipokwisha nikafungua, nikakuta kaseti mbili nyeusi, sura moja, hakuna hata moja iliyoandikwa kitu. Moja ilikuwa imelala karibu na soksi. Sasa niambieni, ninyi mngechukua ipi?

Kesho yake asubuhi Papa Alfonse akapita, nikampa yake, akashukuru, akaenda. Mimi nikaweka betri mpya kwenye radio yangu, nikakaa kwenye kiti, nikafanya hata ishara ya msalaba, nikabonyeza.

Kwanza ukaja mvumo, kama pumzi ya mnyama mkubwa. Kisha to-to-to-to-to, na wateja wawili waliokuwa dukani wakalala chini (miguu ilikuwa inajua kazi yake kuliko kichwa, siku zile), nikawaambia, "Inukeni, ni muziki." Kisha ule mlio ukawa unapanda, unashuka, unakohoa, unataka kufa, unaamka tena. Kisha sauti ya mwanamume, nzito, imekwaruza: "Sikia. Namba moja iko sawa. Sasa nafungua namba mbili." To-to-to, kho, kho. "Umesikia? Inakohoa. Maji imefika mu magoti. Nafunga. Nafungua tena."

Wapendwa, nilichanganyikiwa. Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena, nikachanganyikiwa zaidi. Sauti haikuwa ya Kakule niliyemjua, nikasema moyoni, huyu mtoto ameanza kuvuta sigara. Nikasikiliza upande wa pili, ni vilevile, ila mbele kidogo kuna mtu anapiga chafya. Nikasema labda chafya ndiyo mambo ya kisasa.

Na hapa ndipo nilipoteleza, kwa jambo dogo tu. Mmoja wa wale waliolala chini alikuwa mwindaji wa Ntoto aliyekuja kununua chumvi, akajifuta vumbi, akaniuliza: "Mama Masika, hii iko muziki ya wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema hata mimi naishangaa. Lakini niliona uso wake unataka kucheka, na ni mdogo wangu anayechekwa, nikasikia damu inapanda, nikasema: "Ni ya leki yangu, Kakule. Ni muziki mukubwa sana, ya kisasa. Inaomba muntu asikilize na roho, si na masikio."

Mwindaji akasogea karibu. Akasikiliza na roho. Akasema: "Njo kweli. Inafanana nguruwe ya pori akiingia mu mutego."

Nikamwona ameelewa kuliko mimi.

Siku zilizofuata duka langu likawa kama chumba cha wasomi. Kila aliyepita aliitwa asikilize kaseti ya Kakule. Dada anayeuza mikate akasema inamkumbusha usiku waliokimbia Masisi, wakiwa ndani ya lori bovu, na akaomba apigiwe tena pale pa kukohoa. Katekista akasema yeye haoni dhambi ndani yake, ila haoni pia wokovu, atafikiri. Vijana wa mtaa waliokuwa wananunua sigara moja moja wakagawanyika, wengine wakasema aliyeimba bongo yake imelala, wengine wakaanza kuitikia, "Nafunga! Nafungua tena!" wakipiga makopo. Na mimi, badala ya kunyamaza, kila siku maelezo yangu yalikuwa yanaongezeka urefu. Ijumaa nikaenda kwenye phonie nikamwambia Baba, kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Nimesikiliza yote. Ni kazi nzito. Kakule amekomaa." Baba akasema, "Basi, nimesikia," na nikajua ameirudisha kofia kichwani.

Kama ingeishia hapo nisingekuwa na jina la utani. Lakini kulikuwa na Dieudonné, mtangazaji wa ile radio ndogo ya pale centre, iliyokuwa na antena juu ya mianzi, ambaye alikuwa ananunua betri kwangu, na kila Jumapili baada ya misa alikuwa na kipindi cha muziki. Akaniambia: "Mama Masika, bantu banaongea tu hii kaseti. Kuya utoe maoni yako ku antena." Nikakataa mara moja ya adabu, ya pili nikakubali.

Jumapili nilivaa kitenge changu cha Pasaka. Studio ilikuwa chumba kimoja cha mbao, magodoro yamepigiliwa ukutani ili sauti isitoke, nje watu wamejaa dirishani. Dieudonné akapiga kaseti, kisha akanipa kipaza sauti, na mimi, ambaye sijawahi kuongea hadharani isipokuwa kugombana sokoni, nikafunguka kama maji.

"Wimbo wa pili," nikasema, "njo roho ya hii kaseti. Musikilize vile inakohoa. Ni nani anakohoa? Ni sisi. Maji imefika mu magoti, hiyo ni mateso ya inchi yetu. Anafunga, bariere zinafungwa, njia zinafungwa. Lakini anasema nini? Nafungua tena! Hiyo ni tumaini."

Nawaambia kulikuwa na wamama dirishani wanajifuta macho. Hata mimi nilijigusa moyo. Dieudonné akasema polepole, "Mama, umesema," na akapiga tena pale pa namba mbili.

Ndipo mlango ukafunguka na Kakule akaingia.

Sikuwa najua anakuja. Alikuwa amepata nafasi ndani ya ndege iliyokuja tupu kuchukua mawe, akaja kunishangaza, gitaa mgongoni, nywele zimekuwa msitu, na kumbe kwenye bariere, kizuizi cha wanajeshi cha kuingia mjini, alikuwa ameisikia sauti yangu ndani ya radio ya mwanajeshi, nikisema "kaseti ya leki yangu," akafurahi, kisha akasikia kilichofuata, akafikiri radio ya mwanajeshi imekufa. Alikimbia mpaka studio. Mimi nilipomwona nikapiga kelele ya furaha mbele ya kipaza sauti, nikamkumbatia na gitaa lake, nikamkalisha.

"Wasikilizaji," akasema Dieudonné, "bahati gani hii, mwenyewe amefika! Kakule, tuambie, pale pa kukohoa ulitaka kusema nini?"

Kakule akanitazama. Akaitazama ile mashine ya kaseti inayozunguka. Akanitazama tena.

"Sijui," akasema.

"Iko na haya," nikasema haraka, "tangu mutoto iko na haya."

"Yaya," akasema (ndivyo anavyoniita, kwa kuwa mimi ni mkubwa wake), "mi sijui hii ni nini."

"Munaona! Anajishusha! Bantu bakubwa banajishushaka!" nikawaambia wasikilizaji, na nikampiga kofi la mapenzi begani. Naye uso wake ulikuwa unabadilika, mwanzo ulikuwa wa mtu asiyeelewa, sasa ukawa wa mtu anayefikiri anachekwa na dada yake mbele ya mji mzima, midomo ikaanza kumtetemeka, na mimi niliona ile midomo nikafikiri ni furaha.

Kabla hajasema kitu, watu wa dirishani wakatawanyika kama kuku. Wanajeshi. Komanda mwenyewe aliingia na vijana wake, akasimama katikati ya magodoro, akauliza bila kupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliyotisha: "Namba mbili ni nani?"

Dieudonné akaitazama kaseti, kisha akanitazama mimi.

"Nasikia mu radio, namba moja iko sawa, namba mbili inafunguliwa, maji imefika mu magoti. Munatuma maneno kwa nani? Nani iko naingia? Wapi?"

Siku zile watu walikuwa wameondoka na hawakurudi kwa maneno madogo kuliko hayo, na pale palikuwa na mdogo wangu, aliyeshuka kwenye ndege muda huohuo, mgeni, na nywele za namna ile.

"Ni wimbo, komanda," nikasema. "Ni mashairi."

"Eleza."

Jamani, nikaeleza. Nilirudia yote, namba mbili ni roho, maji ni mateso, kufunga, kufungua, lakini mambo yaleyale yaliyowaliza wamama dakika chache kabla sasa yalikuwa yanatoka kinywani kama mtu anayekiri kosa. Niliposema "bariere zinafungwa," komanda alimtazama mmoja wa vijana wake. Akamgeukia Kakule.

"Wewe njo mwenye wimbo?"

Kakule, mtoto wa watu, aliyelelewa asidanganye, akasema: "Haiko ya kwangu, chef. Naapa. Sijawahi kuisikia."

Wakati huohuo tukasikia mtu anakuja mbio anahema, na akaingia Papa Alfonse, shati limefungwa vibaya, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, anaelekeza kidole kwenye kaseti: "Ile njo mashine yangu! Nani ameweka mashine yangu mu radio?"

"Mashine gani?" akauliza komanda.

"Motopompe ya Bisie! Nilikuwa nakula, nikasikia namba mbili inakohoa mu radio, nikasema niko nalota!"

Komanda akakaa kwenye kiti cha Dieudonné. Akavua kofia. "Huyu mama anasema ni wimbo," akasema polepole, kama mtu anayejieleza mwenyewe, "huyu muzee anasema ni mashine, na mwenye wimbo anasema hajui. Mimi njo munacheza nami?"

Lile beseni, ile mvua, zile kaseti mbili, vyote vikaniingia kichwani kwa mara moja. Nikamuuliza Papa Alfonse: "Papa, ile kaseti nilikupa, ulisikia nini?"

"Nilisikia mashine imekufa kabisa," akasema. "Betri zangu ziliisha mbele ya mwisho, lakini mwanzo ilitosha. Vyuma vinagongana, kitu kinalia kama mbuzi, na muntu anahesabu moja, mbili, tatu, ine! Nikatuma neno na phonie juzi: muzime, mufungue yote, mutoe piston."

Kakule alijishika kichwa. "Papa," akasema, "ile ni batterie, ngoma zetu, na gitaa. Ile ni wimbo wetu wa kwanza."

Komanda akamtuma kijana wake nyumbani kwa Papa Alfonse, kaseti ikaletwa, Dieudonné akaiweka, ikapiga. Moja, mbili, tatu, ine, na baada ya hapo, Mungu wangu, vyuma vikagongana, kitu kikalia kama mbuzi, kisha baadaye, pale ambapo betri za Papa Alfonse hazikufika, ikatoka sauti ya Kakule wangu, ileile, safi, bila sigara. Nilitokwa na machozi hapo (ndiyo hayo wanayoyaongelea Ndjingala). Komanda alisikiliza wimbo mzima, kichwa kimeinama, sote tumesimama. Kisha akasema: "Ile ya kwanza ilikuwa na mpango zaidi."

Ndiyo maoni ya komanda. Lakini niseme haki yake, yeye ndiye aliyekumbuka wachimbaji. "Na kule Bisie," akauliza, "mashine imeshafunguliwa?" Papa Alfonse akashika mdomo. Kama motopompe imesimama tangu juzi, maji yamepanda, na kuna watu wanaoshuka hata wakikatazwa, kwa sababu ya njaa. Komanda akaamuru mwenye phonie atafutwe popote alipo, phonie ifunguliwe hata kama ni Jumapili, na sisi wote tukatoka mbio kumfuata, mimi na kitenge cha Pasaka nimekishika juu ya magoti, Kakule na gitaa linamgonga mgongoni, Papa Alfonse na kiatu mkononi. Na njiani kila dirisha tulilopita watu walikuwa wanacheka mpaka wanaegemea ukuta, na mimi sikuelewa wamejuaje, mpaka Dieudonné aliyekuwa nyuma yangu akasema kwa sauti ndogo: "Mama, unisamehe. Sikufunga antena."

Mji mzima ulikuwa umesikia yote. Namba mbili ni roho, mateso, tumaini, komanda, mbuzi, yote.

Bisie ilijibu baada ya kuitwa kwa muda mrefu. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu hadi leo. Mashine walikuwa wameitandaza vipandevipande juu ya hema, kipande kimoja kidogo kilikuwa kimepotelea kwenye tope, maji yalikuwa yamejaa shimo, na wachimbaji wamekaa juu wanatukana. Papa Alfonse alipoisikiliza kaseti ya kweli alisema ugonjwa ulikuwa ni mpira wa kuvuta maji, umepasuka, unaingiza hewa, kazi ya asubuhi moja. Badala yake walikaa wakisubiri kipande kutoka Goma, na kila mchimbaji aliyepita Walikale siku hizo alisimama mbele ya duka langu kunitazama, wengine wanakohoa kwa makusudi. Jina likaanzia hapo.

Jioni ile Kakule hakula. Nilimpikia ugali na samaki wa chumvi anaowapenda, akausogeza. Nikamwambia, "Nisamehe, ni mvua, ni beseni, kaseti zilifanana." Akasema hajakasirikia kaseti.

"Ni nini basi?"

"Yaya, tangu niko mutoto, kila kitu nafanya unasema ni kizuri. Nilichora ngombe, ulisema ni nzuri, na ilikuwa nyumba. Nilikuwa najua Papa ataniambia mbaya na wewe utaniambia kizuri, lakini nilisema, hii mara, kwa kuwa ni kazi yangu ya kweli, atasikiliza. Na leo nimesikia sauti yako mu radio, unasifu, unasifu vizuri kabisa, hakuna muntu alishasema maneno kama yale juu yangu, na ni pompe." Akajifuta pua kwa mkono. "Sasa nitajuaje siku unasema kweli?"

Nilichukua radio, nikaweka kaseti yake, nikaketi chini karibu naye, tukasikiliza mpaka mwisho. Na kusema kweli, nilichanganyikiwa vilevile kama na ile ya motopompe. Sikujua wapi pa kushika. Nyimbo zilianza mahali na kuishia pengine, gitaa likipiga kelele pale ninapotaka kusikia neno, na neno likija pale ninapotaka ngoma. Mara tatu nilifungua mdomo kusema kizuri, nikaufunga.

Mwisho nikasema: "Ya kwanza imenigonga kichwa. Sijaipenda. Ya pili sijaelewa. Ile ya njia ya Masisi, pale unaita majina ya vijiji moja moja, hiyo nimeisikia tumboni. Lakini gitaa inafunika kijiji cha mwisho. Umesema wapi?"

"Hakuna muntu amesikia kama kuna kijiji cha mwisho," akasema. Akarudisha kaseti nyuma, tukaweka masikio karibu, vichwa vikagusana, akanionyesha. Kisha akavuta sahani akaanza kula.

Jumatatu nilirudi kwenye phonie, na watu nyuma yangu walikuwa wengi kuliko siku yoyote, wengine walikuwa wameacha masoko. Nikamwambia Baba yote, beseni, motopompe, komanda. Nikamwambia: "Ile nilisema Ijumaa uifute. Sasa nimesikiliza ya kweli. Wimbo mmoja ni mzuri, zingine sijaelewa, na sijui kama ni kazi ya muntu mwenye akili."

Kisha Baba akasema: "Mbona Ijumaa ulielewa yote?"

Watu wakacheka. Nikasubiri waishe.

"Mutume aje," akasema Baba. "Aje na gitaa. Kama Masika mwenyewe ameshindwa kusifu, nataka kusikia na masikio yangu."

Kakule alienda, ndege mpaka Goma, na kutoka huko alivyojua mwenyewe, na walichoongea huko Butembo ni cha baba na mwana, sikuuliza. Najua tu kwamba bado anaimba, na kuna miezi anaendesha lori.

Mimi nimejiwekea amri. Ukinipa kaseti, kitambaa, mchuzi, mchumba wa mwanao nimtazame, nikiwa sijaelewa nitakuambia machoni pako sijaelewa, hata ukikasirika, hata kama wewe ni damu yangu. Na radioni sirudi, Dieudonné ameshaniita mara nyingi, anasema wasikilizaji wananitaka. Najua wananitakia nini.